Namna ya Kutafuta Mkutano wa Kusaidiana Kuacha Pombe, na Namna ya Kuurudia

Mkutano wa kusaidiana kuacha pombe ni kikao cha watu walioumwa na nyoka mmoja. Hakuna daktari anayekiongoza, hakuna mhadhiri, na kwa kawaida hakuna ada wala fomu ya kujaza. Anayezungumza hueleza habari zake mwenyewe, na anayesikiliza hujichotea humo kinachomfaa. Jambo hili huonekana jepesi kiasi cha kudharauliwa, lakini limepimwa. Mapitio ya kitafiti ya Cochrane, mtandao wa kimataifa wa watafiti wanaochambua ushahidi wa tiba, yaliyotolewa mwaka 2020, yaliyokusanya tafiti 27 zenye washiriki zaidi ya 10,000, yalionyesha kwamba miongoni mwa watu walioandaliwa kwa utaratibu maalumu kujiunga na mikutano ya kikundi kiitwacho Alcoholics Anonymous, takriban asilimia 42 walikuwa hawanywi kabisa baada ya mwaka mmoja, ilhali miongoni mwa waliopewa tiba nyingine, kama ile ya kubadili fikra na mwenendo, walikuwa asilimia 35. Tofauti hiyo ipo, lakini si muujiza, na ni vyema kulisema hilo mapema, kwa sababu mtu anayeingia akitarajia muujiza huwa ameshatoka kufikia wiki ya pili.

Kuupata mkutano si kazi kubwa siku hizi. Kazi iko katika kuurudia mara ya pili, ya tatu na ya sita, na ndiyo maana mwongozo huu unakaa zaidi kwenye dakika zinazotangulia kikao na zile zinazokifuata kuliko kwenye kikao chenyewe.

1. Kabla ya mkutano, angalia hali ya mwili

Kikundi hakitibu mwili. Anayekunywa sana kila siku hapaswi kuacha ghafla akiwa peke yake nyumbani, hata kama nia yake ni njema na mkutano ni kesho jioni. Pombe huutuliza ubongo, na ubongo uliotulizwa hivyo kwa miaka hujizoesha kufanya kazi kwa nguvu zaidi ili kulipia. Pombe ikiondolewa kwa siku moja, ule msukumo hubaki pale pale bila cha kuuzuia. Kutetemeka, kutoka jasho, kichefuchefu, wasiwasi na kukosa usingizi huanza kwa kawaida kati ya saa 6 na 24 tangu kinywaji cha mwisho. Degedege linaweza kutokea ndani ya saa 48. Hali iliyo mbaya zaidi, ya kuchanganyikiwa, joto kupanda, na kuona au kusikia visivyokuwapo, huja mara nyingi kati ya siku ya pili na ya nne, nayo inaweza kuua ikiachwa bila matibabu.

Kwa hiyo mwone daktari kwanza ikiwa mikono yako hutetemeka asubuhi mpaka unywe, ikiwa umewahi kupata degedege ulipoacha, ikiwa una mimba, au ikiwa una ugonjwa wa ini au wa moyo. Daktari anaweza kukupa dawa za kukutuliza kwa siku chache pamoja na vitamini B1, ambayo wanywaji wa muda mrefu hupungukiwa nayo. Mweleze kiasi halisi unachokunywa bila kukipunguza, kwa kuwa kipimo cha dawa hutegemea ukweli huo.

Ambaye hana hakika kama tatizo lake limefikia huko anaweza kujipima kwa dodoso la AUDIT la Shirika la Afya Duniani, lenye maswali 10. Alama 8 au zaidi huonyesha unywaji unaoelekea kudhuru, na alama 20 au zaidi huashiria uwezekano wa utegemezi, yaani ni vyema kumwona mtaalamu. Hata hivyo hakuna kikundi kitakachokudai alama hizo mlangoni.

2. Jua aina za vikundi, lakini usizichambue kwa mwezi mzima

Kilichoenea kuliko vingine ni Alcoholics Anonymous, ambacho kwa kifupi huitwa AA. Kilianza mwaka 1935 katika mji wa Akron, jimbo la Ohio, Marekani, na leo kina mikutano katika nchi zipatazo 180. Hufuata Hatua Kumi na Mbili, yaani mwongozo wake wa kuacha pombe na kubadili maisha, na sharti la uanachama ni moja tu: kutaka kuacha kunywa. Hatua hizo humtaja Mungu, na hapo ndipo wengi hukwama. Zinamtaja kama “Mungu kama tulivyomwelewa,” na kila kikundi hulichukulia neno hilo kwa namna yake. Kimoja kitakuwa na harufu ya ibada, na kingine cha mtaa wa pili kitakuwa na watu wasioamini dini yoyote ambao huchukulia kikundi chenyewe kuwa ndiyo nguvu iliyo kubwa kuliko wao.

SMART Recovery, kilichoanza mwaka 1994, hakitumii lugha ya kiroho. Kikao chake huongozwa na mwezeshaji aliyefunzwa, ambaye si lazima awe aliwahi kuwa mnywaji, na washiriki hutumia mazoezi yanayotokana na tiba ya fikra na mwenendo, kwa mfano kuandika faida na hasara za kunywa na za kutokunywa, kisha kujadiliana. Women for Sobriety ni cha wanawake. LifeRing ni cha wasiotaka dini kuingizwa katika jambo hili. Recovery Dharma hutumia mafundisho ya Kibudha, na Msalaba wa Bluu, ulioanzishwa Uswisi mwaka 1877, una mizizi ya Kikristo.

Maoni yangu ni kwamba mtu asiye na kinyongo cha wazi na mojawapo ya njia hizi achague kikundi kilicho karibu naye na chenye vikao vingi kwa wiki. Kusoma kuhusu falsafa za vikundi ni kazi tamu inayoweza kuendelezwa miezi mitatu huku chupa iko mezani.

3. Tafuta, kisha hakikisha kwa simu

Vikundi vikubwa vina tovuti rasmi zenye sehemu ya kutafuta mkutano kwa mahali, siku na saa. AA wana pia programu ya simu iitwayo Meeting Guide, inayoonyesha mikutano iliyo karibu na ulipo, ingawa haijafika kila nchi. Usipopata kitu kwenye intaneti, usidhani hakipo, kwa sababu vikundi vingi vidogo hujulikana tu kwa wahudumu wa kliniki za afya ya akili, maofisa ustawi wa jamii wa hospitali, vituo vya tiba ya uraibu, na watunzaji wa kumbi zinazoazimwa kwa mikutano. Waulize hao. Swali fupi linatosha: je, kuna kikundi cha watu wanaoacha pombe kinachokutana hapa karibu?

Orodha za mikutano huchakaa haraka. Kikundi huhama ukumbi, huhamisha siku au huvunjika, na orodha hubaki vile vile. Nayo mlango uliofungwa jioni ya kwanza humrudisha mtu baa kwa urahisi wa ajabu. Piga simu kwa namba iliyotolewa, au andika ujumbe, uhakikishe siku, saa, chumba na mlango wa kuingilia.

Ukiona simu hiyo ni nzito, jua kwamba AA yenyewe ilizaliwa kwa simu ya namna hiyo. Mnamo Mei 1935 Bill Wilson, dalali wa hisa wa New York aliyekuwa na miezi mitano tu bila pombe, alikuwa amekwama hotelini huko Akron baada ya shughuli iliyomleta kuharibika. Upande mmoja wa ukumbi wa hoteli kulikuwa na baa, na upande mwingine simu na orodha ya makanisa. Alianza kuwapigia wachungaji asiowajua, akiwaomba wamkutanishe na mlevi mwingine wa kuzungumza naye, mpaka akaelekezwa kwa Robert Smith, daktari wa upasuaji, ambaye alikubali kumpa dakika 15 na akakaa naye kwa saa kadhaa. Bill hakuwa akitafuta ushauri. Alikuwa akitafuta mtu wa kuzungumza naye ili yeye mwenyewe asinywe usiku ule.

Unaposoma orodha, angalia kama mkutano ni wa wazi au wa ndani. Wa wazi huruhusu yeyote, pamoja na ndugu, rafiki au mwanafunzi. Wa ndani ni wa wale tu wanaotaka kuacha kunywa. Utaona pia mikutano ya wanawake, ya wanaume, ya vijana, ya kusikiliza msimulizi mmoja, na ya kusoma Hatua. Kwa mara ya kwanza, mkutano wa msimulizi ni mwepesi kwa sababu hutakiwi kusema lolote. Andika mikutano mitatu tofauti ndani ya wiki moja, si mmoja, ili wa kwanza ukikosa kukufaa uwe tayari na mwingine kabla moyo haujapoa.

Mikutano ya mtandaoni imeongezeka sana tangu mwaka 2020, na kwa aliye mbali, mgonjwa, au anayeogopa kuonekana, ni mlango mzuri. Badilisha jina linaloonekana kwenye skrini libaki jina la kwanza tu, vaa visikilizio, na hakikisha nyuma yako hakuna kinachoonyesha unapoishi au unapofanya kazi. Upungufu wake ni mmoja: kikao kikiisha, skrini huzimika, na zile dakika za mazungumzo ya pembeni, ambazo naona ndizo zenye thamani kubwa, hupotea. Ukianzia huko, omba mratibu akuunganishe na mtu mmoja wa kuwasiliana naye.

4. Jioni ya kwanza

Fika dakika 15 kabla. Anayechelewa huingia watu wakiwa wameshaketi, hukaa karibu na mlango na huondoka wa kwanza, na anaweza kumaliza mwezi mzima akihudhuria hivyo bila mtu yeyote kulijua jina lake. Aliyefika mapema humkuta mtu anayepanga viti; huyo ndiye wa kuambiwa, “Mimi ni mgeni, ni mara yangu ya kwanza.” Jina la kwanza linatosha. Kama unahitaji karatasi ya mahudhurio isainiwe kwa ajili ya mahakama au mwajiri, mwulize mratibu wakati huo, kwa kuwa baadhi ya vikundi husaini na vingine havisaini.

Na kama umekunywa siku hiyo? Nenda. Vikundi vingi humwomba aliyekunywa asikilize tu bila kuzungumza, lakini mtu aliyetulia mara chache hufukuzwa. Usiendeshe gari.

Kikao huchukua kwa kawaida kati ya dakika 60 na 90. Katika AA, mwenyekiti wa siku husoma utangulizi mfupi, huenda Hatua zikasomwa, kisha mtu husimulia au watu huzungumza kwa zamu. Kila anayezungumza hujitambulisha kwa jina la kwanza na kusema yeye ni mlevi, na wengine humwitikia. Neno hilo humchoma mgeni, na si lazima ulitamke. Unaweza kutaja jina lako na kusema kwamba leo utasikiliza tu, na zamu itapita kwa mwingine bila maswali. Huenda mwishoni kukawa na sala au kushikana mikono, na anayesimama kimya hakosei.

Kuna jambo moja ambalo wageni wengi hulielewa vibaya. Katika vikundi vingi vya AA hairuhusiwi kumjibu, kumkosoa wala kumshauri mtu aliyetoka kuzungumza. Kwa hiyo unaweza kueleza jambo zito la maisha yako, na anayefuata akaanza habari nyingine kabisa kana kwamba hukusema kitu. Si ubaridi. Kanuni hiyo imewekwa ili mtu aseme bila kuhukumiwa, na majibu huja baadaye, watu wakiwa wamesimama na vikombe mkononi. Katika SMART Recovery mambo ni kinyume, kwani majadiliano ya moja kwa moja ni sehemu ya kikao.

Kikapu cha michango kitapitishwa, kwa kuwa AA hujitegemea na hukataa misaada kutoka nje. Mgeni hadaiwi, vikundi vingi husema waziwazi kwamba wageni wasichangie.

Kuhusu siri, wanachama wameahidiana kwamba kinachosemwa na aliyeonekana humo havitoki nje, na ahadi hiyo kwa sehemu kubwa huheshimiwa. Lakini ni ahadi ya heshima, si kinga ya kisheria kama siri ya daktari au wakili. Masuala yenye kesi, ya mtoto, ya kazi au ya fedha za watu, ambayo yanaweza kukudhuru yakivuja, yaweke kwa ajili ya mtaalamu au mtu mmoja unayemwamini.

Kikao kikiisha, usiondoke. Kaa dakika 15 nyingine hata kama huna la kusema, saidia kukunja viti, na usitoke bila namba za simu mbili au tatu. Mtu asiyekumbuka hata neno moja lililosemwa jioni ile, lakini ana namba mbili mfukoni, amepata zaidi ya aliyesikiliza kila kitu na kutoka peke yake.

5. Wiki zinazofuata

Usikihukumu kikundi kabla ya kuhudhuria takriban mara sita, isipokuwa kimekuudhi kwa jambo la wazi. Kikao cha kwanza hukuonyesha zaidi hofu yako kuliko kikundi. Ukiona bado hapakufai, hamia kingine cha njia ile ile kabla ya kuhukumu njia nzima, kwa sababu vikundi viwili vya jina moja vinaweza kutofautiana kama usiku na mchana.

Wengi katika AA watakushauri uhudhurie mikutano 90 ndani ya siku 90. Ni desturi, si sheria. Ina mantiki yake, kwani miezi ya kwanza ndiyo yenye saa nyingi tupu za jioni, lakini mwenye watoto au kazi ya zamu asijione ameshindwa kwa kwenda mara tatu kwa wiki. Ninalosisitiza mimi ni siku maalumu: mkutano ule ule, siku ile ile, ili watu wakuzoee na kutokuwapo kwako kuonekane.

Zile namba za simu zizoeshe mapema. Piga siku ambayo huna shida yoyote, useme kwamba unajaribu tu kupiga. Mtu wa kikundi ataelewa mara moja. Asiyewahi kupiga akiwa mtulivu hatapiga saa nne usiku hamu imemkaba. Wazoefu hujiuliza mambo manne hamu inapokuja: nina njaa, nina hasira, niko mpweke, au nimechoka? Mara nyingi mojawapo huwa ndiyo, na chakula, usingizi au simu hutosha kuivusha saa hiyo.

Baada ya wiki chache, tafuta mtu wa kukuongoza binafsi, ambaye katika vikundi vya Hatua huitwa mdhamini, ingawa hadhamini mkopo wala kesi ya mtu. Awe amekaa bila pombe kwa muda wa kutosha, kwa kawaida zaidi ya mwaka mmoja, na maisha yake yawe na kitu unachokitamani. Desturi ni mwanamke amchague mwanamke na mwanamume amchague mwanamume, au kwa jumla mtu ambaye mapenzi hayawezi kuingilia kati. Unaweza kumwomba awe wa muda tu. Akikataa, huenda ana watu wengi tayari; mwombe mwingine.

Kuwa macho pia. Vikundi hivi viko wazi kwa wote, na wapo wachache wanaowanyemelea wageni kimapenzi wakati wa udhaifu wao, au wanaoomba kukopeshwa. Mwambie mratibu au mwanachama wa siku nyingi, na kama hakuna anayejali, hama. Vilevile, yeyote anayekuambia uache dawa ulizoandikiwa, iwe ni naltreksoni, akamproseti au disulfiramu, ambazo husaidia kuacha pombe, au dawa za sonona, kwa madai kwamba mtu anayezimeza hajaacha kikweli, amevuka mpaka. Msimamo wa AA wenyewe ni kwamba mwanachama asijifanye daktari. Dawa na mkutano vinaweza kwenda pamoja.

6. Kama hakuna kikundi, na kama ndugu anahitaji msaada

Panapokosekana kikundi, watu wawili wanaotaka kuacha wanatosha kuanza: siku moja ya wiki, saa isiyobadilika, na chumba kisichouza pombe. Ofisi za AA za nchi au za mkoa huwapa wanaoanzisha vikundi maandishi na ushauri. Kwa mke, mume, mzazi au rafiki wa mnywaji kuna Al-Anon, kilichoanzishwa mwaka 1951, na kwa vijana wa familia hizo kuna Alateen, cha mwaka 1957. Huko hawafundishi namna ya kumfanya mtu aache. Hushughulika na maisha ya yule anayeishi naye, na mtu anaweza kwenda hata kama mnywaji mwenyewe hataki kusikia habari za mkutano.

7. Ukinywa tena

Wengi huteleza, na wengi wa wanaoteleza huacha kwenda mkutanoni kwa aibu, ambayo huwadhuru kuliko kile kinywaji chenyewe. Robert Smith, yule daktari wa Akron, alikunywa tena wiki chache baada ya kukutana na Bill, alipokwenda kwenye kongamano la madaktari. Aliporudi alipokewa na kusaidiwa, na AA huhesabu kuanzishwa kwake tangu siku inayotajwa kuwa ya kinywaji chake cha mwisho, tarehe 10 Juni 1935. Rudi kwenye mkutano ule ule. Hulazimiki kutangaza, lakini mwambie angalau mtu mmoja, na kama kikundi chako hutoa sarafu za ukumbusho wa muda uliokaa bila pombe, ile ya saa 24 za kwanza inaweza kuchukuliwa tena.

Ila kabla ya kurudi, hesabu siku ulizokunywa. Kama ni jioni moja, nenda mkutanoni kesho yake. Kama umekunywa mfululizo kwa siku kadhaa, hatari za mwili zilizoelezwa mwanzoni zimerudi pamoja na pombe, na aliyewahi kupitia hali hiyo mara kadhaa huweza kuipata kwa ukali zaidi kila anaporudia. Mpigie simu mtu wa kikundi akusindikize kwa daktari kwanza.